Tulishukuru Mapema

Mume wangu alipona mbele ya watu siku ya Jumapili, chini ya hema la kukodi, kwenye ploti yetu hapa Kimbo. Alisimama kati ya viti vya plastiki akiwa amevaa ile suti aliyoshonewa kwa harusi ya binti yetu, akashika maikrofoni iliyokuwa ikikoroma, akasema Mungu amefungua mshipa wa moyo wake bila kisu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya hema na mwiko mkononi, nikipakua mukimo wa viazi vya kuponda, na nilijua kwamba mshipa haujafunguka. Yeye pia alijua. Mtu wa tatu aliyejua ni mzee wa ushirika wetu wa kanisa, ambaye alikuwa ameketi safu ya mbele na ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Sisemi haya kwa uchungu. Uchungu niliumaliza wakati huo, na niliumaliza vizuri. Naeleza tu jinsi mambo yalivyokwenda, kwa sababu watu wa nje hushangaa mtu anawezaje kushukuru kwa jambo ambalo halijatendeka. Kwetu linawezekana kabisa. Kuna kushukuru baada ya kupokea, na kuna kushukuru kwa imani, yaani unamshukuru Mungu mapema kana kwamba ameshatenda. Nimeona watu wakishukuru kwa imani kwa ajili ya viza, hati za ploti na wachumba. Mara nyingi haidhuru. Mchumba asipotokea, hakuna anayekufa.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nyuzi pale Thika mpaka alipostaafu. Baada ya hapo alijitafutia kazi ya kumchosha, akanunua ng'ombe wawili, akakodisha kipande cha shamba kule Murera apande majani ya nepia. Kila asubuhi alikwenda kukata majani na kurudi nayo kwenye baiskeli, mzigo ukiwa mkubwa kuliko yeye. Mimi nina kibanda changu cha kushona sare za shule mjini Ruiru, na tulikuwa tunaonana jioni, wote tumechoka, bila malalamiko mengi.

Kisha akaanza kusimama njiani. Alikuwa akifika kwenye lango na mzigo wake anaegemeza baiskeli ukutani, anatazama barabara kana kwamba kuna mtu anamsubiri. Nilimuuliza, akasema ni gesi. Aliacha kula maharage ya njahi, akaacha kunywa maziwa usiku, lakini gesi ikabaki. Baadaye ikaanza kumshika akikamua. Siku moja nilimkuta ameketi juu ya ndoo, mkono kifuani, jasho linamtoka na kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilimwambia hiyo siyo gesi. Alikasirika, na nilijua kutokana na hasira ile kwamba na yeye alikuwa ameshajua.

Tulipelekwa kutoka hospitali hii hadi ile, mpaka tukafika Nairobi kwa daktari wa moyo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye hakuwa na haraka. Habari ya gharama nitaiacha. Aliyepitia anaijua, na ambaye hajapitia aendelee kulala vizuri. Daktari alitueleza kwamba mafuta yaliganda kwenye ukuta wa mshipa mmoja mkubwa wa moyo miaka mingi iliyopita, na kwamba polepole kalsiamu ilikuja ikakaa juu yake hata pakawa pagumu kama mfupa. Nilifikiria birika letu la chai. Maji ya kisima cha ploti yana chumvi, na ndani ya birika kuna gamba jeupe ambalo halitoki hata ukisugua kwa kisu. Nikamuuliza kama ni hayo maji. Akatabasamu, akasema hapana, gamba la birika na gamba la mshipa hayajuani. Lakini ugumu wenyewe, akasema, nimeuelewa.

Mara ya kwanza walijaribu kuuzibua kwa njia ya kawaida. Wanapitisha waya mwembamba kutokea kwenye mkono hadi moyoni, halafu juu ya ule waya wanapitisha puto dogo, wanalijaza, linapanua mahali palipoziba, kisha wanaacha hapo kichuma cha wavu kiitwacho stenti ili pasifunge tena. Waya ulipita. Puto halikupita. Walijaribu puto dogo kuliko yote waliyokuwa nayo, nalo likakwama palepale. Kuna kifaa kingine kinachozunguka na kukwangua, lakini hicho kinataka waya wake maalumu, na waya huo ulikataa kuingia. Daktari akaamua kuacha kabla hajaharibu, akamtoa mume wangu chumbani.

Haya yote sisi tuliyajua kesho yake. Siku yenyewe mume wangu alirudishwa wodini akiwa na usingizi nusu, mkono umefungwa bendeji, na jambo la kwanza aliloliomba lilikuwa simu. Alimpigia mzee wa ushirika. Nilimsikia akisema, "Nimetoka salama, mzee. Mungu ni mwema." Ilikuwa kweli, alikuwa ametoka salama. Lakini kabla sijamaliza kumvisha soksi, simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe wa kikundi cha ushirika, mikono ya kuomba, maua, amina, haleluya, na tangazo la mzee kwamba Jumapili ya wiki itakayofuata tutakutana kwa ndugu yetu kumshukuru Mungu kwa uponyaji. Akina mama walikuwa wameshagawana nani ataleta viazi na nani ataleta majani ya malenge.

Asubuhi daktari alikuja akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kutuambia ukweli. Alisema mshipa uko vilevile, na kwamba dawa zitapunguza maumivu lakini hazitafungua kitu. Alisema atatafuta njia nyingine na kwamba njia hiyo ikishindikana basi ni kufungua kifua. Mume wangu aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho. Daktari alipoondoka aliniambia, "Itabidi niambie mzee waahirishe."

Alimwambia. Nilikuwepo, kwa kuwa mzee alikuja nyumbani siku tuliyorudi. Mzee huyu ni mtu mrefu, msafi, mwenye duka la nafaka pale stejini pa matatu, na kwa haki yake niseme hajawahi kukosa msiba wala hospitali ya mtu yeyote wa ushirika wetu. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Lakini maumivu yamepungua?"

"Yamepungua," mume wangu akasema. "Ni dawa."

"Hiyo ni mwanzo, ndugu. Mungu akianza kitu, sisi hatuwezi rudi nyuma tuseme hajafanya. Si ushukuru tu kwa imani? Watu wamejipanga, hema imelipwa. Na kuna vijana wameokoka juzi, wanaangalia sisi."

Nilisema, "Mzee, kwani tukingoja kidogo Mungu atakasirika?"

Akanitazama kwa upole, ule upole ambao mtu huutumia kwa mtoto wa mwenzake. "Mama, usiwe na shaka sana. Shaka ndiyo inafunga baraka."

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye hema. Mbuzi alichinjwa, watu walikula, mume wangu alishuhudia. Sikumlaumu sana siku ile. Dawa zilikuwa zimempa nafuu, rangi yake ilikuwa imerudi, na watu waliokuja kumshika mkono walikuwa wanalia kwa furaha ya kweli. Nadhani alipokuwa akisema maneno yale aliyaamini, angalau mpaka alipoketi. Mimi nilikuwa na hasira, nikaimalizia kwenye sufuria.

Baada ya wiki kadhaa nafuu ilianza kuchakaa. Hakuniambia. Niligundua kwa sababu ng'ombe walianza kula majani ya kununua. Kisha akaacha kukamua, akasema mikono inamuuma, tukatafuta mtu wa kukamua. Kanisani alianza kuketi karibu na mlango. Wakati wa nyimbo za kusimama, yeye alisimama kama wengine, lakini nilimwona akishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

Siku ya kliniki daktari alituambia kwamba njia nyingine imepatikana. Kuna wataalamu wanaokuja kwa juma moja na mashine ya leza, kufanya kazi na kufundisha, na amemwandikia mume wangu nafasi. Nilimwomba atueleze kama watu wasiojua kitu, akatueleza. Ule mwanga hauonekani kwa macho na hauchomi kama moto. Unapitia ndani ya mrija mwembamba wenye nyuzi za kioo, unatoka mbele kwa mapigo ya haraka sana, na kila pigo linachimbua kidogo na kulegeza ule ugumu. Mrija wenyewe unasogezwa polepole mno, kwa sababu ukikimbiza unapita bila kufanya kazi. Kabla ya kuwasha wanasukuma maji ya chumvi yaoshe damu pale mahali, maana mwanga ukikutana na damu au na ile dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha, unapiga kwa nguvu isiyotakiwa.

"Kwa hivyo itayeyusha hiyo kalsiamu," nikasema.

"Hapana," akasema. "Sitaki kuwadanganya. Kalsiamu haiyeyuki. Ninachotaka ni ilegee na ipasuke kidogo, njia ipatikane, puto lipite na lifunguke. Kazi kubwa bado ni ya puto na stenti." Alituambia pia hatari yake. Mshipa unaweza kutoboka, na ikiwa hivyo huenda wakalazimika kufungua kifua siku ileile. Lakini bila kufanya kitu, alisema, mshipa huo unasubiri tu siku yake.

Nilitoka pale nimefurahi, na sikuona haya kufurahi. Tulipofika nyumbani mume wangu aliketi kitini. Alivua viatu, akaviweka pamoja vizuri, akasema, "Mimi siendi."

Nilidhani ni hofu ya kutobolewa. Ningeielewa. Haikuwa hiyo.

"Nitaambia watu nini?" akasema. "Kwamba Mungu alifungua halafu akafunga? Ama kwamba nilisimama pale na suti nikasema uongo?"

"Utawaambia unaenda hospitali. Watu huenda hospitali."

"Wee mama, huelewi. Nimeshashuhudia."

Nilielewa vizuri sana. Kwetu neno la ushuhuda halirudishwi. Mtu akishuhudia kwamba ameacha pombe, akaonekana baa, anaweza kusamehewa kwa sababu pombe ni udhaifu wake. Lakini mtu akisema Mungu amemponya, kisha akaonekana kwenye foleni ya kliniki, hapo ni kana kwamba amemshika Mungu mwenyewe mkono na kumwaibisha. Nilijua watakavyonong'ona. Nilijua hata ni nani angeanza. Bado sikuona kwa nini nifiwe kwa sababu ya minong'ono, na nilimwambia hivyo, kwa sauti iliyowafikia wapangaji wetu.

Nikampigia binti yetu simu, anakaa mtaa wa Landless kule Thika na hana subira hata ya kungoja chai ipoe. Alikuja siku hiyohiyo. "Dadi," akasema akiwa bado mlangoni, "hiyo ni ujinga, na nasema na heshima. Mashine inakuja wiki moja tu. Ikienda imeenda. Unataka tukuzike na ushuhuda wako?"

"Heshima gani hiyo?" baba yake akasema.

"Ndiyo hiyo niko nayo leo."

Akalia, baba yake akamfariji, na hakubadilisha nia. Ndivyo alivyo mume wangu. Alipokuwa kiwandani waliwahi kumhamisha idara kwa sababu alikataa kusema mtambo ni mzima wakati ni mbovu. Sasa mtambo ulikuwa kifuani mwake, na alikuwa ameshasema mbele ya watu wote kwamba ni mzima.

Mzee naye alikuja. Sijui ni nani aliyemwambia kuhusu leza, labda wapangaji. Hakumkataza moja kwa moja, hilo nikubali. Alisema kila mtu anaongozwa na Roho, lakini tufikirie wale wadogo katika imani, ambao wakisikia watakwazika. Nilimuuliza kama mume wangu akifa hawatakwazika. Akasema tu, "Tuombe." Akaomba. Nilifumba macho kwa sababu ya adabu, na ndani yangu nilikuwa namchukia. Nilikuwa nimeamua kwamba huyu bwana ataniua mume kwa maneno matamu, na kwamba nitakapomzika, yeye ndiye atakayeshika maikrofoni.

Juma la mashine lilipoanza, mume wangu alikuwa bado amekaa nyumbani akikarabati banda ambalo halikuwa limeharibika.

Kilichombadilisha hakikutoka kwangu wala kwa binti yetu. Tangu siku ya hema, watu walikuwa wameanza kumjua kama mtu wa moyo. Mwenye tatizo la kifua akitajwa, husemwa, mwiteni yule ndugu, yeye Mungu alimtembelea hapohapo. Kwetu aliyeponywa ugonjwa fulani hupewa kazi ya kuwaombea wenye ugonjwa huo. Alikuwa ameshaombea wawili au watatu, na kila mara alirudi akapitiliza hadi bandani. Siku moja ya juma hilo watu wa ushirika walikuja kumchukua wakampeleka Murera kwa mama mmoja mjane ambaye alikuwa hawezi kulala chali kwa sababu ya pumzi. Mimi sikwenda, nilikuwa na sare za shule nzima za kumaliza.

Alirudi mchana, akaja mpaka kibandani kwangu mjini, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Aliketi kwenye kiti cha wateja. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na mkono wake ulikuwa ndani ya koti, upande wa kifua. Nilisimamisha cherehani.

"Nimeweka mkono kwake nikaanza kuomba," akasema. "Katikati ya maombi ikanishika. Ilinishika vibaya. Nikaendelea kuomba kwa sababu sikuwa na pumzi ya kueleza. Watu wakadhani ni upako."

Nilimpa maji ya chupa yangu.

"Nilipomaliza, yule mama akaniuliza kama aache dawa za hospitali, kwa vile mimi niliponywa. Akaniuliza hivyo, na amenishika mkono."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia asiache hata moja. Nikamwambia nami ninameza." Alifuta uso kwa kiganja. "Hakuniamini. Niliona hakuniamini. Amesema mimi ni mnyenyekevu." Alitazama sare zilizokuwa zimening'inia ukutani. Kisha akasema, "Mpigie yule daktari. Muulize kama bado kuna nafasi."

Nafasi ilikuwepo, ya siku ya mwisho. Binti wa duka la jirani ndiye aliyenibonyezea namba. Nilitaka kufurahi na nikashindwa, kwa sababu sasa ilikuwa imebaki ile hofu nyingine, ya mshipa kutoboka, ambayo nilikuwa sijapata nafasi ya kuiogopa.

Siku yenyewe binti yetu alitupeleka alfajiri. Mume wangu alitia sahihi karatasi zote bila kuuliza, kisha akamwomba daktari amwambie kwa maneno machache atakachosikia akiwa pale ndani, ili asishtuke. Daktari akamwambia atakuwa macho, atavalishwa miwani kama wote watakaokuwa chumbani, na mashine ikianza itatoa sauti ya mfululizo. Asikohoe, asisogee. Akisikia maumivu aseme kwa mdomo, asiinue mkono. Mume wangu akaitikia kama fundi anayepewa maelezo ya zamu. Nilimwona akitulia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mtu kuzungumza naye kuhusu moyo wake bila kutaja imani yake.

Mimi nilibaki nje na sketi za shule, nikikunja pindo kwa mkono. Binti yetu alikuwa anatembea huku na huku. Nilishona pindo moja likapinda, nikalifumua, nikalishona tena likapinda vilevile. Sikuomba maombi ya maana. Nilisema tu, polepole, polepole, nikiwaza ule mrija unaosogezwa ndani ya kitu chembamba kama kile. Mtu akinipa kitambaa kigumu, siikimbizi sindano. Sijui nilikuwa namwambia nani.

Walichelewa. Nilihesabu uchelewaji huo kama kifo, kisha kama kifo cha uhakika, kisha mlango ukafunguka na daktari akatoka na alama za miwani usoni. Akasema puto limepita. Akasema limefunguka. Alituita tukaona kwenye kioo cha kompyuta, kwanza picha ya kabla, ambapo damu ilifika mahali ikawa uzi, kisha picha ya baada, ambapo ilipita yote bila kusita na kusambaa kwenye matawi ambayo sikujua kama yapo. Nilimwomba arudie picha hiyo. Akairudia. Binti yangu alimkumbatia daktari, mimi nikaketi chini kwenye sakafu ya hospitali na sketi za watu mapajani.

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba alihisi kifua kikikaza kidogo puto lilipojazwa, lakini mwanga wenyewe hakuuhisi kabisa. Alisikia tu sauti, na daktari akisema simama, suuza, haya tena. "Walikuwa wanafanya kazi safi," akasema. Kwa mtu aliyekaa kiwandani maisha yake yote, hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa aliyonayo.

Daktari alimpa dawa za kuzuia damu isigande kwenye stenti na kumwonya kwamba asiache hata siku moja bila ruhusa yake, hata akijisikia vizuri namna gani. Mume wangu alisema hataacha. Alisema na jambo jingine ambalo daktari hakulielewa: "Na nitawaambia watu."

Alipopata nguvu alimwendea mzee kuomba dakika chache za ushuhuda. Nilidhani atanyimwa. Mzee alimtazama, akauliza, "Utasema nini?" Mume wangu akamwambia. Mzee akafikiri, akasema sawa, Jumapili baada ya matangazo.

Safari hii hakuvaa suti. Alisimama akasema hivi, na nayakumbuka kwa sababu yalikuwa machache. Alisema, "Ile siku kwangu nilisema nimepona. Nilikuwa sijapona, na nilijua. Mungu hakuniambia niseme hivyo, ni mimi niliharakisha. Juzi madaktari wamenifungua mshipa na mashine ya leza, na bado nakunywa dawa kila siku. Kama kuna mtu aliacha dawa kwa sababu yangu, tafadhali arudi." Kisha akaketi.

Hakuna aliyeitikia amina. Watoto tu ndio waliosikika. Kiongozi wa nyimbo alianzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, tukashindwa kuufuata, ukaanzishwa upya. Nilikuwa nimejiandaa kwa minong'ono, na minong'ono ilikuwepo, sitasema haikuwepo. Kuna mama aliyenipita mlangoni bila kunisalimia na hadi leo hunisalimia kwa shida.

Baada ya ibada tulisimama nje, kwenye chai. Mume wangu alikuwa amezungukwa na wanaume wawili waliotaka kujua kama leza inaumiza. Mzee alikuja upande wangu akiwa na kikombe. Nilijua amekuja kulalamika, na nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyokuwa nimeyatunza tangu siku ya maombi yale sebuleni.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo mashine bado iko?"

"Imeenda, mzee. Wenyewe walirudi nayo."

"Imeenda lini?"

"Siku ileile aliyofanyiwa. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho."

Aliangalia chai yake. "Na itarudi?"

"Daktari hajui. Kwa nini unauliza?"

Aliangalia kama kuna mtu karibu. Mke wake alikuwa upande wa pili, akigawa mandazi. "Mimi pia niliambiwa hivyo, juu ya kalsiamu," akasema. "Kitambo, kabla ya mume wako kuugua. Puto ilikataa. Lakini nilikuwa nimeshashuhudia, mama. Hata bibi yangu anajua nilipona." Akavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi, na hapakuwa na ngazi mahali pale. "Leo nimeshindwa kutoka kwa geti hadi hapa bila kusimama."

Maneno yangu yote yalinipotea. Nilikuwa nimepanga kumchukia kwa muda mrefu, na ghafla sikuwa na mtu wa kumchukia, nilikuwa na mgonjwa tu mbele yangu, na midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kiatu chake kilichong'arishwa, na hakuwa anaiona. Nilichukua kikombe mkononi mwake, nikamwambia aketi, kisha nikamwita mke wake kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia.